Sauti ya Kupimia

Jumatatu, Machi 4

Leo nimeanza kuandika, na si kwa kupenda. Mke wa mwanangu haongei tena, anaandika, na mimi shule niliiacha darasa la tatu nikiwa nazijua herufi lakini hatujazoeana. Akinipa karatasi nabaki nimeishika kama mtu aliyeletewa wito wa mahakama, naye amesimama ananisubiri, mpaka mjukuu anauliza kama bibi amesinzia. Aibu hiyo nimeikataa. Anayeandika kila siku atasoma upesi, ndivyo nilivyojiamulia. Daftari nimelichukua kabatini bila kuomba. Nyumba ya mwanangu ni nyumba yangu.

Nimekuja kukaa hapa mpaka masika yaishe, kwa kuwa paa langu limechoka na mwanangu hataki kusikia kwamba mama yake analala katikati ya mabeseni. Yeye kazi yake ni kupanda minara ya simu huko mbali, anarudi mwisho wa juma. Humu ndani tumebaki wanawake watatu: mimi, mkamwana wangu, na mjukuu wa miaka minne ninayemwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo hata usingizini. Mama yake alitolewa uvimbe kooni Chiriku akiwa bado ananyonya, na sauti ikaondoka na uvimbe. Sasa anapumulia kitundu kilichoko shingoni, amekifunika kwa kitambaa chepesi. Masikio yake ni mazima, anasikia hata yale ninayomsema nikiwa jikoni peke yangu. Kusema tu ndiko hakuna.

Mkono unaniuma. Inatosha.

Jumanne, Machi 5

Mvua. Nimemwambia mkamwana kuwa maharage yake hayajaiva. Hakujibu. Nilipokumbuka kwamba hawezi kujibu nikaona nimeshinda ugomvi wa bure, na ushindi wa namna hiyo haushibishi mtu.

Ijumaa, Machi 8

Kwa nyumba yenye bubu, hii ina makelele. Mama akimtaka mtoto anapiga makofi mawili. Akimkataza anagonga meza. Akifurahi anajipiga paja. Mtoto naye anajibu kwa maneno mia: nakuja mama, sijamwaga mimi, kimemwagika chenyewe. Mchana kutwa ni pa, pa, na mapaja. Nilisema naenda kupumzika kwa mwanangu.

Jumamosi, Machi 9

Nilikuwa namsuka Chiriku barazani, mvua imepumzika kidogo, akaniuliza bila kugeuka, "Bibi, mama zamani alikuwa na sauti kama yako?"

Nikamwambia hapana, yangu ni ya kukwaruza sufuria.

"Sasa ilikuwa kama ya nani?"

Nikafungua mdomo nimweleze, nikakuta sina kitu. Sauti ile nimebishana nayo tangu siku walipooana. Imenikatalia, imenichekea, imeniambia mama punguza chumvi. Leo siwezi kusema ilikuwa nyembamba au nene. Nimekaa na nywele za mtoto vidoleni kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Yeye akangoja, akachoka, akaanza kuimba mambo yake.

Jioni mwanangu aliporudi nilimwuliza kabla hajavua viatu: mkeo sauti yake imewekwa wapi? Akasema simu iliyokuwa na ujumbe wake wa sauti ilitumbukia kwenye tangi la maji. Katika video za familia hayumo, yeye ndiye aliyekuwa anapiga, na mpiga picha mzuri hapayuki. Nilidhani mazungumzo yameisha. Akakuna kichwa, akasema labda kwenye mashine ya kazi.

Jumapili, Machi 10

Naandika nilivyoelezwa nisije nikasahau.

Mkamwana alikuwa mhariri wa video. Watu wanamletea picha walizopiga, ovyo ovyo, mtu kapigwa kisogo, ng'ombe kapita mbele, naye anakata, anaunga, anapanga, mpaka inakuwa filamu ya kutazamika. Mimi nilikuwa naiita kazi ya kukaa. Tangu alipougua hajaigusa.

Filamu zenye maelezo huwa anakodiwa mtangazaji, mwanamume mmoja mwenye koo kama pipa. Lakini kabla hajaja, mkamwana alikuwa anayasoma maneno yeye mwenyewe, ajue kila picha ikae kwa muda gani. Hiyo waliiita sauti ya kupimia. Mtangazaji akisharekodi, ya mkamwana inazimwa. Haifutwi, inazimwa tu. Kwa hiyo filamu zilizokwenda kwa wenyewe zina sauti ya pipa, na ya mkamwana imebaki ndani ya kazi ghafi, kwenye kompyuta kuukuu iliyofunikwa shuka stoo.

Nikamwita mkamwana palepale. Mimi sijui kuzunguka mbuyu. Nikamwambia mtoto anataka kuisikia sauti yako, iko stoo, itoe.

Akaniangalia. Akaandika neno moja, nami nikalisoma bila msaada wa mtu: Sitaki.

Jumatatu, Machi 11

Amefunga stoo kwa ufunguo. Ufunguo ameuweka ndani ya chupa ya chai mbovu, juu ya kabati. Sijauliza, nimeona tu.

Jumatano, Machi 13

Leo nina mengi.

Asubuhi mkamwana alikwenda kliniki kuangaliwa shingo. Mimi nikashusha ile chupa, nikafungua stoo, nikaifunga kompyuta kwa kitambaa cha meza cha plastiki, nikamwita mwenye mkokoteni. Chiriku nikamketisha juu ya mzigo aushikilie. Tukaenda hadi pale kona kwa fundi wa kompyuta wanayemwita Bisibisi, kijana mrefu mwenye kibanda kidogo, ambaye kiti chake cha wateja kina miguu mitatu na tofali.

Nilimwambia atoe sauti ya mkamwana wangu aitie kwenye kitu ambacho mtoto anaweza kubonyeza. Akaunganisha waya zake, akatazama, akanionyesha. Kila filamu ilikuwa na faili lake, na faili lenyewe dogo, yeye anasema hata picha moja ya simu ni kubwa kuliko hilo.

"Bibi, hii siyo video," akaniambia. "Haya ni maelekezo. Inasema chukua kipande fulani, kata hapa, unga pale, zima hii. Picha na sauti zenyewe ziko pengine."

Nikamwuliza hivyo vipande vimekwenda wapi, kama si yeye kavichomoa sasa hivi. Nilimwita mwizi, watu wawili waliokuwa wanangoja wakainama kucheka. Hakukasirika. Akasema vipande vya sauti anaviona, vimejaa, kila sentensi kipande chake, lakini vimefungwa kwa namna ambayo programu ile ya zamani peke yake ndiyo inaweza kuvifungua. Walioitengeneza walishafunga kampuni. Programu mpya zikipewa faili hilo zinalitazama kama mimi ninavyotazama barua ya benki. Kwa hiyo dawa ni moja: kuifungua programu hiyohiyo, ndani ya mashine hiyohiyo, kila kipande kiwe mahali pake, halafu kuiamuru iitoe kazi nzima kama video ya kawaida inayocheza popote. Wao wanaita kuipika. Ila programu inataka neno la siri, na hata angelipata, hajawahi kuitumia.

Kisha akafungua ubavu wa mashine akanionyesha vitu vidogo mfano wa vifuniko vya chupa, vimevimba vichwa. Unyevu umeviingia. Akasema, "Ukiniuliza mimi, bibi, hii haivuki masika."

Tulirudi mvua imeanza. Mkamwana alikuwa amefika kabla yetu, amesimama mlangoni, stoo nyuma yake iko wazi. Hakunyanyua mkono kunionyesha lolote. Aliushika mzigo upande wa pili tukaingiza ndani, akaukausha kwa taulo lake, na yeye mwenyewe analowa. Baadaye akakaa akaandika, akaandika. Nikamwomba aandike herufi kubwa. Akaanza upya kwa herufi kubwa.

Nimejua leo kwamba hasira ikisomwa polepole inachoma zaidi kuliko ikipigiwa kelele. Nilisoma kwa sauti, neno moja moja, naye amesimama mbele yangu anangoja nimalize kugombezwa. Iliandikwa hivi: Mama, hukuniuliza. Ataisikia, ataipenda. Kisha atanigeukia aniambie niendelee. Nitampa nini?

Nilirudia mstari wa mwisho mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Sikuwa nimekosea.

Mimi nilikuwa nimemfikiria mtoto tu. Nikamweleza alichosema Bisibisi kuhusu mvua na vile vichwa vilivyovimba, kwa sababu ni haki yake kujua. Halafu nikamwambia, "Mashine ni yako na sauti ni yako. Mimi sitasema tena."

Alhamisi, Machi 14

Sijasema kitu.

Ijumaa, Machi 15

Sijasema kitu leo pia. Mwanangu kapiga simu kuuliza kama naumwa.

Jumatatu, Machi 18

Mvua. Unyevu umeotesha ukungu kwenye viatu vyangu vya heshima. Nimewaza jinsi ulivyo stoo. Sijasema.

Alhamisi, Machi 21

Mkamwana kaungua kidole kwa sufuria. Nimemtia maji baridi, nimemfunga kitambaa. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kuandikia na ndio ulioungua, tukakaa mchana mzima bila neno wala karatasi, mimi nachambua mchele na yeye ananitazama. Ni mtu wa kukalika naye. Sikulijua hilo, maana zamani tulikuwa tunaongea.

Jumamosi, Machi 23

Chiriku ana mdoli wa soksi. Leo alimketisha kwenye kona ya sebule akajifanya yeye ndiye mama. Akajifunga kitambaa shingoni. Akapiga makofi mawili. Mdoli hakuja, kwa hiyo akainama mbele yake, akafungua mdomo, akawa anachezesha midomo juu chini, taratibu, bila sauti yoyote. Akamaliza, akaitikia kwa kichwa kana kwamba wameelewana.

Hakuwa na huzuni. Kwake yeye mama ndivyo alivyo. Huzuni ilikuwa kwetu sisi watu wazima, mimi mlango wa jikoni na mkamwana mlango wa chumbani ameshika beseni la nguo. Akaliweka beseni chini. Akaja kabatini, akaishusha ile chupa ya chai mbele ya macho yangu, akautoa ufunguo.

Nimeng'ata ulimi mpaka nimesikia ladha ya damu. Lakini sijasema.

Jumapili, Machi 24

Kompyuta imewekwa sebuleni mbali na ukuta wenye maji. Imewaka. Programu imefunguka, neno la siri bado analikumbuka. Na kioo chote kimekuwa chekundu, ndiyo alama ya vipande visivyopatikana.

Mwanangu alikuwepo, akaona, akaketi chini. Ni yeye. Wakati mkewe yuko hospitali, alikuwa anarudi nyumbani hana la kufanya na mikono yake, akawasha mashine akaipangia vitu ili akitoka akute kumetulia. Picha zote akaweka na picha, sauti zote na sauti, majina akayafuta akavipa namba, moja, mbili, tatu, safi kama kabati la duka. Sasa yale maelekezo yanakwenda kutafuta kipande mahali kilipoachwa, yanakuta hakuna mtu. Ni kama mtu aingie jikoni kwangu apange masufuria kwa ukubwa halafu aniambie nipike gizani.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia mwanangu, tena yalikuwa mazuri. Mkamwana akaniwahi. Alimwendea pale chini, akamshika kichwa, akakiegemeza tumboni pake. Hivyo yale maneno nimeyameza. Msimu huu nimemeza mengi, nitanenepa.

Jumatatu, Aprili 1

Kazi imeanza. Kwa kuwa majina hayapo, lazima afungue kila kipande cha sauti akisikilize ajue kinasema nini, kisha akirudishe kwenye sentensi yake. Anavaa vile visikilizio vikubwa vya masikioni. Kwa hiyo anakaa peke yake na sauti yake mchana kutwa, na sisi wengine hatusikii hata chembe. Nilimwomba anisikilizishe kidogo. Akaandika: Bado. Mpaka iwe nzima.

Nimemwangalia mgongo wake. Kuna vipande vinavyomfanya atulie kama jiwe. Kuna vingine mabega yanamcheka. Kimoja alikirudia, akakirudia, akavua visikilizio akaenda uani, akakaa kwenye ngazi mpaka mvua ikamrudisha. Nikampelekea chai sebuleni, nikaiweka karibu naye nikaondoka. Zamani ningesimama nimwambie anywe.

Alhamisi, Aprili 4

Anaendelea. Leo nyekundu imepungua upande wa kushoto.

Jumanne, Aprili 9

Nimeacha kuiita kazi ya kukaa. Anakata pumzi, wallahi. Sauti ikivuta pumzi ndefu kabla ya neno, anaisogelea, anaikata, anaunganisha pande mbili usione pa kushonea. Nimeshona nguo miaka yote na mshono wangu unaonekana. Nilimwambia. Akajipiga paja.

Chiriku anauliza mama anatazama nini. Namwambia mama anatafuta kitu alichopoteza. Naye anatafuta pamoja naye chini ya meza.

Jumatatu, Aprili 15

Vipande vya filamu moja vimekamilika, hakuna nyekundu. Ameiamuru mashine ipike. Inakwenda polepole, kuna mstari unajaa kama maji kwenye mtungi, na mashine inanguruma. Ulipofika nusu, radi ikapiga, umeme ukakatika. Ulipowaka tena, mstari ulikuwa umerudi mwanzo.

Jumatano, Aprili 17

Umekatika tena karibu na mwisho. Mkamwana amesonya mbele yangu, mimi mama mkwe wake. Nimemwacha. Mimi mwenyewe nilikuwa naelekea huko.

Ijumaa, Aprili 19

Umeme haukurudi kutwa. Mashine imetoa harufu ya waya unaoungua ilipowashwa jana, hilo nimelinusa mimi kabla ya wote.

Jumapili, Aprili 21

Nimekwenda kwa Bisibisi, Chiriku mkononi. Nimemweleza kwamba mashine inanuka na umeme unatuchezea. Ana betri moja kubwa ya kukopesha, ya kuishika mashine umeme ukikatika, lakini alinitazama kwanza, nadhani alikuwa anakumbuka kuitwa mwizi. Nikamwambia kiti chake kinataka mguu, aje nimpe ubao mzuri niliouona stoo. Hiyo ndiyo samahani yangu, na akaielewa, maana alicheka. Mwanangu kaileta betri begani.

Jumatatu, Aprili 22

Umeme umekatika mara mbili. Mashine haikujua. Mstari umejaa mpaka pembeni. Mkamwana hakushangilia, ameizima kwanza ipoe, akaipepea kwa upepeo. Kasema, yaani kaandika: tumngoje baba Jumamosi.

Jumamosi, Aprili 27

Tumeketi wote. Mwanangu kwenye mkeka, Chiriku mapajani kwangu, mkamwana kwenye kiti karibu na mashine, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Filamu yenyewe ni ya kuwafundisha wauza maziwa usafi. Nilitegemea harusi, au kitu cha maana. Ikatoka picha ya ng'ombe mweupe, na juu yake sauti.

Ilisema, "Kabla ya kukamua, osha mikono kwa maji na sabuni, kisha kausha kwa kitambaa safi."

Hivyo tu. Haikuwa nyembamba wala nene. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye haraka anayejitahidi asionekane ana haraka, na maneno yanapoishia yanapanda kidogo, kama anayekuuliza kama umeelewa lakini anajua umeelewa. Niliitambua kwa mgongo kabla ya masikio. Mwanangu alifunika uso kwa kofia.

Chiriku akauliza, "Nani huyo?"

Baba yake akamwambia ni mama. Mtoto akatazama ng'ombe, akamtazama mama yake aliyekaa kimya. Akatikisa kichwa. "Siyo."

Sauti ikaendelea na ndoo, na vifuniko, na maji ya moto. Mtoto alikuwa anajichezea na kifungo cha gauni langu. Sikuthubutu kumwangalia mkamwana. Wiki tatu za kusikiliza pumzi zake mwenyewe, halafu unaambiwa si wewe. Nilijilaumu, na mimi si mtu wa kujilaumu, sina mazoea nayo.

Kisha pale penye vijidudu, sauti ikajikwaa. Ikasema vijududu, ikasema vidijudu, ikanyamaza. Halafu ikasonya, msonyo mrefu wa kuvuta kwa meno, wa mtu aliyechoshwa na dunia na wauza maziwa wake.

Chiriku akaruka kutoka mapajani kwangu. "Mama!"

Maana msonyo anao. Hauhitaji koo, ni ulimi na meno tu. Madaktari hawakuufikia. Anausonyea umeme, anaisonyea sufuria, ananisonyea mimi nikigeuka, na mtoto amekua nao masikioni tangu kuzaliwa. Ndiyo sauti ya mama aijuayo.

Mle ndani ya mashine mama yake akawa anacheka, kicheko cha kujishangaa, akarudia sentensi vizuri. Mtoto alikuwa ameshaganda mbele ya kioo. Akasikiliza maneno yote sasa, mdomo wazi, anamfuata neno kwa neno. Ilipokwisha akageuka. Akamwendea mama yake akasimama kati ya magoti yake, na mimi nikajua ndiyo saa ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

"Mama, fanya tena."

Mkamwana akamtazama. Akavuta kwa meno, polepole, msonyo mrefu kuliko wa kwenye mashine, na mwishoni akaupandisha kidogo.

Chiriku akacheka mpaka akakaa chini. Akajaribu wake, ukatoka mate. Akageuka kwangu. Mimi ni mama mkwe, nina umri wangu, na katika nyumba hii nimegomba dhidi ya tabia hiyo kuliko dhidi ya wezi. Nimesonya. Mwanangu kasonya ndani ya kofia. Tumekaa sebuleni tunasonyana kama watu waliodhulumiana shamba.

Jumapili, Aprili 28

Chiriku hamruhusu mtu kugusa kikombe kabla hajaosha mikono kwa maji na sabuni na kukausha kwa kitambaa safi. Anayasema kwa haraka, na mwisho anapandisha.

Alhamisi, Mei 2

Filamu ya pili imepikwa, ya kuchanja kuku. Hii ina msonyo mmoja mdogo na kikohozi.

Jumatano, Mei 8

Ya tatu pia. Kisha mashine ikatoa moshi, ikazima. Bisibisi kaifungua, vile vichwa vimepasuka vyote. Zilikuwa zimebaki nyingine nyingi zenye sauti ndani, hazitafunguka tena. Nilimtazama mkamwana nikingoja aanguke. Aliifunga ubavu, akaifunika shuka, akaenda kumwita mtoto kwa makofi aje aoge. Nikaona kwamba mimi ndiye niliyekuwa nahesabu zilizopotea.

Jumanne, Mei 14

Jua. Mwanangu anasema paa langu limekwisha kutengenezwa, naweza kurudi nikitaka. Nimesema nitaangalia.

Jumamosi, Mei 18

Mama mmoja wa ushirika wa maziwa, wale wa filamu ya usafi, amekuja na kadi zake za picha mpya. Amesikia mkamwana amekaa tena kwenye mashine. Wanataka filamu ya kulisha ndama. Nilifikiri atakataa. Akaandika bei, tena si ndogo, nikamheshimu. Bisibisi kamtafutia kompyuta nyingine, na programu mpya anajifunza kwa kusonya.

Leo alasiri ameniita, makofi mawili kama anavyomwita mtoto. Nilitaka kumwambia mimi si Chiriku. Alikuwa ameweka kipaza sauti juu ya vitabu, usawa wa mdomo wangu, na karatasi yenye herufi kubwa. Anahitaji sauti ya kupimia, ajue kila picha ikae kwa muda gani, na mwenye sauti iliyo karibu ni mimi.

Nikamwambia mimi husoma kama mwenda kwa magongo. Akaandika kwamba ndama wenyewe hawana haraka.

Nimesoma. Nimejikwaa penye maziwa ya mwanzo, nimejikwaa penye chanjo, nikamgombeza aliyeandika maneno marefu namna ile, na taa yake nyekundu inawaka muda wote, inachukua kila kitu. Nilipofika mwisho jasho limenitoka. Nilimwambia afute, ni aibu, sauti ya kukwaruza sufuria.

Akaandika: Haifutwi, Mama. Mtangazaji akija naizima tu.

Nikamwambia, "Ole wako uizime."